Barabara Iliyojengwa kwa Maneno: Safari Yangu ya Kwanza Ufipa

Nilipoaga nyumbani Tanga kwamba naenda Sumbawanga, mkoani Rukwa, nchi ya Wafipa, kila mtu alikuwa na onyo la kunifungia safari. Shangazi alinisihi nisibishane na mwenyeji hata kwa shilingi mia ya chenji. Jirani akanikumbusha kwamba huko radi haingoji mawingu. Kinyozi wangu, wembe ukiwa shingoni mwangu, alinisimulia habari za watu wanaosafiri kwa ungo na kufika Dar es Salaam kabla basi halijaondoka stendi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukanyaga Rukwa. Walichokijua walikiokota vijiweni, kwenye vichekesho vya redio na kwenye kurasa za magazeti ya udaku.

Mimi nilikuwa naenda kuandika makala ya mahindi, lakini maonyo yale yaliniongezea kazi. Ikiwa mkoa wa nchi yetu wenyewe unajulikana kwa maneno ya watu wasiowahi kuufikia, basi mataifa, ambayo wananchi wake wengi hawatakutana maisha, yanajuana kwa lipi? Yanajuana kwa hotuba za wakubwa, kwa utamaduni unaovuka mpaka na kwa vyombo vya habari. Nikaazimia kuyafuatilia hayo matatu njia nzima, nione yanamfanyia nini mtu anayeishi mahali ambapo hakuna balozi wala ubalozi.

Nililala Mbeya. Mji huu una historia yake katika jambo hili. Januari 1962, Tanganyika ikiwa na uhuru wa wiki chache tu, ndege ndogo ilimshusha hapa Nelson Mandela, aliyetoka Afrika Kusini kwa siri kupitia Bechuanaland, akielekea Dar es Salaam kuonana na Mwalimu Nyerere. Hakuja kwa kubahatisha. Tangu 1959 Nyerere alikuwa amesimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema tungependa kuwasha mshumaa na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, uangaze hadi nje ya mipaka yetu. Usiku wa uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge kileleni. Hotuba ya mtu ambaye hata dola hakuwa nayo bado iligeuka sera ya mambo ya nje, na wapigania uhuru wa kusini wakajua mlango upi wa kubisha.

Basi la alfajiri lilitufikisha Tunduma jua likiwa limechomoza. Malori ya Zambia na Kongo yamepangana upande mmoja wa barabara, na vijana wa kubadilisha fedha wanakimbilia madirishani na mabunda ya kwacha. Hapa ndipo Rais Magufuli na Rais Edgar Lungu walipozindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, Oktoba 2019, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mbili. Jirani yangu wa kiti, mama mmoja mfanyabiashara wa mahindi aliyekuwa anarudi kwake Laela, alinunua machungwa na kunipa mawili bila kuniuliza.

"Kula, mwanangu. Zamani ungekula vumbi," akasema.

Basi likakata kulia, likaiacha njia ya Zambia, tukaanza kupanda. Lami ilikuwa imenyooka, konda amesinzia mlangoni. Mama wa Laela akanieleza ilivyokuwa enzi za udongo. Masika ikikolea, lori lingeweza kulala porini hadi wenye mali wakatafuta majembe, na gunia likifika Tunduma bei yake imeshaliwa na nauli. "Hii barabara ni ya Bush," akamalizia, kama mtu anayetaja fundi wa jirani.

Hakukosea sana. Februari 2008, George W. Bush alifika Dar es Salaam, na pamoja na Rais Kikwete walitia saini mkataba wa dola milioni 698 kutoka Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, MCC. Sehemu ya fedha hizo ilitengwa kwa barabara hii ya Tunduma hadi Sumbawanga, takribani kilomita 224, ikagawanywa vipande vitatu: Tunduma hadi Ikana, Ikana hadi Laela, na Laela hadi Sumbawanga. Wanaokumbuka ziara ile wanakumbuka zaidi mapokezi kuliko tarakimu. Kina mama walivaa nguo zenye picha ya Bush, ngoma zikapigwa, na picha hizo zikazunguka dunia nzima wakati ambapo vita vya Iraki vilikuwa vimemchafua mgeni mwenyewe katika nchi nyingi. Marekani ilipata sura za watu wanaoifurahia, Tanzania ikapata barabara. Kitambaa cha kujifunga kiunoni kilifanya kazi ambayo taarifa rasmi za serikali mbili zisingeiweza.

Lakini kinachojengwa kwa maneno huzuiwa kwa maneno pia. Oktoba 2015, siku chache baada ya uchaguzi, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kwenye televisheni kwamba matokeo ya Visiwani yamefutwa. Mwaka huohuo ilikuwa imepitishwa Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyowatia hofu waandishi na watumiaji wa mitandao. Uchaguzi wa marudio ulifanyika Machi 20, 2016, chama kikuu cha upinzani kikaususia. Siku nane baadaye, bodi ya MCC huko Washington ilipiga kura kusitisha ushirikiano, ikitaja mambo hayo mawili: uchaguzi wa Zanzibar na sheria ya mtandao. Mkataba wa pili, wenye thamani ya dola milioni 472 uliolenga umeme, ukafa kabla ya kuanza.

Nilimuuliza mama wa Laela kama aliisikia habari ile. Aliisikia, lakini kwake ilikuwa habari ya watu wa Dar na Unguja. Barabara yake ilikuwa imekwisha. Ndivyo tunavyoyasikia mambo ya nje sisi wananchi wengi, yanatuhusu pale tu yanapokuwa yametufikia mlangoni. Hata hivyo, mtu aliyekuwa akisubiri umeme kwa mkataba ule wa pili alilipia tangazo la televisheni ambalo huenda hakuliona, na sheria ya mtandao ambayo huenda hakuwa hata na simu ya kuivunjia.

Mimi siungi mkono tabia ya taifa kubwa kutupangia mambo kwa kushika mfuko wa fedha, na Tanzania imewahi kuikataa tabia hiyo kwa gharama. Miaka ya 1960 tuligombana na Ujerumani Magharibi kuhusu uwakilishi wa Ujerumani Mashariki, misaada ikapungua. Desemba 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukasimama. Ila kuna tofauti. Mwaka 1965 serikali ilijua bei ya maneno yake na ikaamua kuilipa, ikawaeleza wananchi sababu. Mwaka 2016 tuliletewa bili kana kwamba hatukuagiza chochote.

Laela tulisimama. Viazi vya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, na baridi ambayo mtu wa Tanga hana nguo yake. Mama wa Laela alishuka na mizigo yake, lakini kabla ya kuagana alinipa somo la mahindi ambalo lingetosha makala yote. Machi 2021, alisema, simu za wanunuzi wa kaskazini zilinyamaza ghafla. Ilikuwa ni barua. Mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandika kwamba mahindi ya Tanzania na Uganda yana sumukuvu, hivyo yasiingie. Barua ya ofisi ilipofika magazetini na kwenye simu za watu, ikawa tamko la taifa dhidi ya taifa. Malori yakakwama Namanga, na Watanzania na Wakenya wakatukanana mitandaoni kwa lugha moja. Siku chache baadaye Kenya ililegeza marufuku ikaweka masharti, lakini uchungu ulibaki.

Ulioupoza ni msafara wa Mei mwaka huohuo. Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na wiki chache tu madarakani, alikwenda Nairobi na kulihutubia Bunge la Kenya kwa Kiswahili, na utani ukiwemo. Wabunge walicheka, na mawaziri wa nchi mbili wakapewa kazi ya kuondoa vikwazo vya biashara. Lugha ile ilikuwa nusu ya ujumbe. Mgeni anayekutania kwa lugha yako anakwambia kwamba ugomvi wenu ni wa ndani ya familia. Miaka miwili kabla, nchi za SADC zilikutana Dar es Salaam na kukifanya Kiswahili lugha yao rasmi ya nne, na mwaka 2021 UNESCO iliitenga Julai 7 kuwa siku yake duniani. Mtaji huo tunao, na mara nyingi tunautumia kwa sherehe kuliko kwa kazi.

Niliingia Sumbawanga alasiri. Mji uko kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, anga pana, mashamba yanaanza pale nyumba zinapoishia. Nje ya nyumba ya wageni bibi mmoja alinipokea kwa kuinama na kupiga makofi ya taratibu, na mimi nikachanganyikiwa kwa sekunde, maana kwetu kijana ndiye anayepaswa kujishusha. "Shikamoo bibi," nikawahi. "Marahaba, karibu Ufipa." Hakuna aliyenitazama kwa jicho baya, wala radi haikupiga. Nilipowatajia wenyeji maonyo ya Tanga, walicheka, kisha kijana wa bodaboda akasema jambo zito: mwalimu au daktari akipangiwa Rukwa, huko atokako humpa pole, na wengine huhangaika kubadilisha kituo kabla hawajafunga mizigo. Kichekesho cha redioni kinamnyima mtoto wa Nkasi mwalimu wa hesabu. Ikiwa sifa mbaya inafanya hivyo ndani ya nchi moja, fikiria inavyofanya kwa bara zima linalotangazwa kwa njaa na vita peke yake.

Asubuhi nilikwenda kuangalia ghala la Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Vihenge vya chuma vinang'aa ukiwa bado mbali navyo. Ni sehemu ya mradi uliojengwa katika mikoa kadhaa kwa mkopo nafuu wa dola milioni 55 kutoka Poland. Mfipa anayemwaga mahindi yake kwenye chombo cha Kipoland, baada ya kuyapitisha kwenye lami ya Kimarekani, huenda akayauza Zambia. Mwaka 2024 ukame uliichoma Zambia, Rais Hakainde Hichilema akalitangazia taifa lake kwamba ni janga, na nchi zetu mbili zikakubaliana kuuziana tani 650,000 za mahindi. Mkulima niliyemkuta getini aliniambia kwamba siku hizi anasikiliza taarifa ya habari kabla ya kuuza. Anakumbuka 2017, serikali ilipopiga marufuku kuuza mahindi nje. Kauli moja kutoka jukwaani, na gunia likakosa mnunuzi likiwa limeshafungwa.

Jioni nilipita kwenye uwanja wa mpira. Unaitwa Nelson Mandela. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kibarazani karibu na hapo alinikaribisha kwenye kimpumu, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mrija na maji ya moto. Mazungumzo yalikwenda kwenye redio. Alikuwa kijana enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo mitambo yake ya nje iliwapa nafasi wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia na Rhodesia kuzungumza na watu wao. Watawala wa Pretoria na Salisbury walikuwa na jeshi kubwa kuliko letu, lakini hawakuweza kuyazuia mawimbi yasivuke mpaka. Kisha mzee akanyoosha mgongo na kuitoa kwa kumbukumbu hotuba ya Nyerere ya Novemba 1978, baada ya Idi Amin kuivamia Kagera: "Uwezo wa kumpiga tunao. Sababu ya kumpiga tunayo. Na nia ya kumpiga tunayo." Hakuna Mtanzania wa umri wake asiyeijua. Hotuba ile haikumlenga Amin peke yake, iliwalenga pia wakuu wa Afrika waliotaka tupatane haraka naye. Iliwapa taarifa mapema kwamba hoja ya kutoingiliana isingemlinda mvamizi.

Mzee aliniambia pia kwamba Wafipa walikuwa na mambo yao ya nje kabla ya yote hayo. Utawala wa kale ulikuwa Milansi. Wakaja wageni wa ukoo wa Watwa, na simulizi inasema walikuwa wanawake waliofika mtawala akiwa mawindoni, wakakikalia kigoda chake. Jambo hilo halikumalizwa kwa mkuki. Walikubaliana: wageni wakatawala nchi, Milansi ikabaki na eneo lake dogo, heshima yake na kazi ya kuwasimika watawala. Mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis aliishi Ufipa miaka ya 1960, na katika kitabu alichokichapisha 1981 aliieleza historia hii na jinsi jamii hii ilivyojijenga juu ya amani na kazi katika karne ya 19. Ajabu ni kwamba msomi wa ng'ambo anaweza kuisoma Ufipa kama nchi ya wapatanishi, wakati Mtanzania wa Tanga anaijua kama nchi ya radi.

Hatua yangu ya mwisho ilikuwa kusini, kupitia Matai, hadi maporomoko ya Kalambo. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, na bonde lililo chini ndilo mpaka. Mpaka wenyewe uliandikwa Berlin Julai 1, 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana Afrika Mashariki na kuutaja mdomo wa mto huu bila kumuuliza Mmambwe wala Mlungu anayeishi kingo zote mbili. Ndugu hao wanavuka hadi leo kwa misiba na harusi.

Septemba 2023, jarida la kisayansi la Nature lilitoa habari iliyozunguka dunia: karibu na maporomoko haya wataalamu walipata magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa pamoja, yenye umri wa miaka 476,000. Vichwa vya habari vyote vilisema Zambia, na vilisema kweli. Uchimbaji ulifanyika upande wa Zambia, mahali alipoanza Desmond Clark miaka ya 1950, na wenzetu wakaendelea kuwapokea watafiti. Maporomoko ni ya nchi mbili, sifa ikaenda kwa iliyoandika. Upande wetu tuna ngazi nzuri za kushukia na mandhari ya kumnyamazisha mtu, ila nilipokuwa pale wageni walikuwa wachache kuliko nyani.

Kutoka huko nikashuka Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliiita Bismarckburg, wakajenga boma. Meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 na kuibuliwa na Waingereza miaka ya 1920, ilitia nanga hapa miaka mingi ikielekea Mpulungu. Gatini nilikuta saruji ya kwenda Kongo, muziki wa Kongo, na Kiswahili chenye lafudhi ya Moba na Kalemie.

Mwambao huuhuu wa Ufipa ndio alioupita David Livingstone, mgonjwa, mwaka 1872, katika safari yake ya mwisho. Kabla ya hapo, gazeti la New York Herald lilikuwa limemtuma mwandishi Stanley amtafute, na Stanley aliporudi alibeba barua zenye maelezo ya mauaji aliyoyashuhudia Livingstone sokoni Nyangwe. Zilipochapishwa, umma wa Uingereza ulipandwa na hasira, serikali ikamtuma Bartle Frere Zanzibar, na Juni 5, 1873, Sultani Barghash akatia saini kufunga soko la watumwa. Gazeti liliokoa watu. Magazeti hayohayo yaliwazoesha wasomaji wa Ulaya kuamini kwamba Afrika ni nchi ya kuokolewa, na miaka 17 baadaye waokoaji wakachora mstari wao Kalambo.

Rukwa imenionyesha kwamba mambo ya nje hayaishii Oysterbay wala kwenye kumbi za mikutano. Yako kwenye bei ya gunia Laela, kwenye nguzo ya umeme isiyosimamishwa na kwenye darasa lisilo na mwalimu. Kwa hiyo kiongozi anayeshika kipaza sauti apime neno lake kabla ya kulitoa, na akiamua kulitoa kwa gharama, awaambie wananchi gharama hiyo kama tulivyoambiwa zamani. Serikali ijue kwamba sheria inayombana mwandishi husomwa Washington kabla haijasomwa Namanyere. Na wahariri wetu waweke waandishi Tunduma, Kasanga na Kalambo wenye mshahara na gari, wasingoje ajali au mauaji ndipo waitaje Rukwa. Tusipoiandika wenyewe mipaka yetu, wengine wataiandika, na sisi tutabaki kuwaonya wasafiri juu ya radi.